Siku Tisa Nilizokaa kwa Wenyeji

Mpendwa baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ulinilea nisifungue mdomo mbele yako kabla ya salamu, na hata leo nikiwa na kalamu tu mkononi nimeshindwa kuanza vingine.

Nakuandikia kutoka Urambo, siyo Kanyenye, Tabora, ulikotuacha. Mkwe wako Mihayo alipata kazi ya kuendesha trekta katika mashamba mapya ya karanga, nasi tukamfuata hadi kambini ndani ya pori, mimi na mjukuu wako. Wanafyeka pori, baba. Trekta mbili zinakwenda sambamba zikivuta mnyororo mnene katikati, na miti ya miyombo ambayo wewe ulikuwa ukiizunguka kwa heshima inalala chini kama mabua. Jioni Mihayo hurudi na vumbi jekundu hadi kwenye kope. Mwezi wa tisa aliniambia kwamba vigingi vya kupimia vimefika kwenye kile kijito kiendacho mto Igombe, penye mawe meupe. Alilitaja jina la mahali hapo kama mtu anayetaja soko. Mimi sufuria ilinitoka mkononi.

Kuna jambo hatukulizungumza miaka yote, wewe na mimi. Ulikufa hatujalizungumza. Leo nataka nilianze tangu mwanzo.

Mama alipofariki nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Waingereza walikuwa bado wageni katika nchi, na wewe ulikuwa hujapona vizuri mgongo uliobebeshwa mizigo ya vita. Msimu wa asali ulipofika, shangazi alikutaka uniache kwake. Alisema kambi ya asali si mahali pa mtoto wa kike, na watu watacheka. Ukamwambia kwamba umeshazika mmoja mwaka huo na hutaki kumwacha mwingine mbali na macho yako. Ukanifunga mzigo mdogo wa michembe ya viazi vikavu na unga wa mtama, mjomba Maganga, kaka yake mama, akabeba mashoka na kamba, na wewe ukabeba kiroba cha chumvi ya Uvinza.

Niliona ajabu kwamba watu watatu wabebe chumvi nyingi kiasi kile. Niliuliza. Ulisema siyo yetu, ni ya Wenyeji.

Ulinieleza njiani, polepole, ukiangalia mbele. Ulisema babu, aliyekuwa mpagazi katika njia ya Ujiji, ndiye aliyeonana nao kwanza. Misafara ilipokosa maji wakati wa kiangazi, wao ndio waliowaonyesha wapagazi mahali pa kuchimba, nao wakalipwa kwa chumvi, maana chumvi hawana na bila chumvi watoto wao hutoka mayaini wakiwa dhaifu. Ulisema jina lao halitajwi msituni. Ni watu, ulisema, ila Mungu aliwavika magamba. Ukanipa miiko mitatu. Nisitembee saa sita mchana, kwa sababu huo ndio wakati wao wa kuota jua. Nisipande kwenye mawe meupe. Nikimwona mmoja wao nisikimbie, nikae chini na kuinamisha kichwa.

Nilidhani ni hadithi ya kunitisha ili nisipotee porini, mpaka siku ya nne. Tulikuwa kivulini, wewe ukishona mzinga wa gome, ukanigusa bega na kuonyesha kwa kidevu. Juu ya jiwe, hatua labda hamsini kutoka tulipokaa, alikuwa ameketi mtu. Nilimwona hivyo kwanza, mtu ameketi. Halafu nikaona kwamba rangi yake ni ya gome la mninga, na mkia wake umelala juu ya jiwe kama kamba nene, na koo lake linapwita. Alitugeuzia uso. Kope zake zilifumba kutoka chini kwenda juu. Mkojo ulinitoka, baba, na wewe ulijua. Ulimwaga maji kidogo mchangani karibu nami, kana kwamba kibuyu ndicho kilichovuja.

Kando ya mtu yule alikuwepo mdogo, ukubwa wa mtoto wa miaka mitatu hivi. Alikuwa akipanda mgongoni kwa mamaye na kuteleza, akapanda na kuteleza tena. Mama hakumkemea. Nakumbuka niliwaza, hata katikati ya hofu, kwamba mimi sina tena mgongo wa kupanda.

Mjomba Maganga naye aliwaona. Yeye hakuinamisha kichwa.

Siku ya kumi uliporudi kutoka kwenye mizinga ya mbali ulinikuta peke yangu. Nilikuambia mjomba ameondoka asubuhi na mzigo, amesema anawahi treni ya Tabora. Uliuliza mzigo gani. Nikasema sijui, umefungwa kwa majani mabichi, ulikuwa unatona. Kisha ukaenda kwenye mawe meupe, mahali ulipotukataza sote, na mimi nikakufuata kwa sababu niliogopa kubaki. Jiwe lilikuwa na damu. Nyuma ya jiwe kulikuwa na kitu kidogo chekundu ambacho nzi walikuwa wamekifunika, na mikono yake ilikuwa na vidole vitano vitano.

Huko mjini watu walikuwa wameanza kununua ngozi za kenge, za chatu, za mamba, zikipelekwa pwani na kuvuka bahari kuwa viatu na mikoba. Mjomba alikuwa amesikia hayo. Hakuwa mtu mbaya kuliko wengine. Nimejaribu kumchukia na sijaweza kufika mbali, kwa kuwa ndiye aliyenibeba mgongoni siku ya mazishi ya mama. Lakini alifanya alilolifanya.

Ulinirudisha kambini ukaanza kufunga vitu. Fundo likakushinda. Ukaacha. Ukaketi chini. Ulisema, kama unajisemea, kwamba hakuna mtu awezaye kuwakimbia mchana.

Walikuja saa sita. Sikuwasikia. Nilikuwa nikitazama ardhi, nikainua macho, na kati ya kila miti miwili amesimama mmoja. Walikuwa ishirini, labda zaidi. Hakuna aliyekuwa na mkuki wala rungu. Walisimama tu, jua likiwaka juu ya magamba yao, na ndege wote walikuwa wamenyamaza. Yule mama akatoka mbele. Alikuwa mrefu kukuzidi. Alipofungua mdomo nikasikia Kiswahili, kile cha zamani cha wapagazi, kikitoka taratibu na upepo mwingi kama mvuke kwenye kifuniko cha chungu.

"Pagazi," alisema, "mtoto wangu yuko wapi?"

Kwao kila mwanamume ni pagazi. Ulipiga magoti. Ulimwambia kweli, na nakuheshimu kwa hilo mpaka leo, maana ungeweza kusema ni chui. Ulimwambia kwamba mwenzako amemuua na ngozi imekwenda Tabora.

"Ilete," alisema. "Hatuwezi kumzika akiwa uchi."

Ulisema utaileta. Akauliza wataaminije. Ulimwambia wakushike wewe na wamtume mtu mwingine, ukajibiwa kwamba hakuna mwingine, na ni kweli hakuwepo. Nilikuwa nimeshika nguo yako kwa nyuma. Ulifungua vidole vyangu kimoja kimoja, ukaushika mkono wangu, ukanivuta mbele, ukauweka mkono wangu ndani ya mkono wa yule mama.

"Huyu ni mwanangu," ulisema. "Sina mwingine."

Mkono ule ulikuwa wa baridi na mkavu. Nilipiga kelele, na sikusikia chochote kingine ulichosema. Nilikuona ukisema nao, midomo yako ikicheza, na mimi nikilia kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Kisha uligeuka ukaenda. Hukutazama nyuma. Nilihesabu miti uliyoipita mpaka ukapotea.

Baba, nataka ujue jinsi siku zile zilivyokuwa, kwa sababu hukuniuliza kamwe.

Hawakunifunga. Walinikalisha kwenye shimo la mchanga chini ya mwamba, karibu na mahali walipofukia mayai yao, na kila nilipoinuka mmoja aliinuka pia. Ulikuwa umeniachia chungu cha makaa, na unga wetu wa kambini. Wao hawatumii moto. Waliutazama ule wa kwangu kwa mbali kama sisi tutazamavyo nyoka. Nilikuwa nikijipikia uji. Sikulala ila kwa kusinzia. Kila nilipofumbua macho niliona macho yao yamefumbuka. Sikuweza kujua ni nani amelala na ni nani ananitazama.

Yule mama ndiye aliyekuwa akikaa karibu nami zaidi. Hakunigusa. Aliniletea mizizi, na mara moja aliniletea panya mbichi, akaona nimerudi nyuma hadi mwambani, akamwondoa. Siku ya tatu aliniuliza nina miaka mingapi. Nikamwambia. Akaniuliza mama yangu yuko wapi. Nilisema amekufa. Akauliza kama tulimzika na ngozi yake.

Nikasema ndiyo.

"Vizuri," alisema.

Sikujua kama anataka kunifariji au anataka kunionyesha deni langu. Nilichojua ni kwamba siku ya nne imepita, na ya tano, na ya sita. Ulikuwa umeniambia zamani kwamba kutoka pale hadi stesheni ni mwendo wa siku moja na nusu, na treni hadi Tabora haichukui hata siku nzima. Nilikuwa mtoto, lakini hesabu hiyo niliiweza. Siku ya saba nilianza kuamini kwamba umeniacha. Nilijiambia labda hukutaka tena mtoto aliyekukumbusha mama. Nilijiambia labda uko na mjomba, mnakula. Sikuogopa tena meno yao, baba. Niliogopa kwamba umenibadilisha na maisha yako, na kwamba ulikuwa umeliona hilo tangu ulipokuwa ukifungua vidole vyangu.

Asubuhi ya siku ya nane baridi ilikuwa kali. Unaijua baridi ya kipupwe kule mabondeni, umande unakuwa mweupe. Nilitoka shimoni na hakuna aliyeinuka. Walikuwa wamelala chini ya mwamba wamekakamaa, wamejikunja mmoja juu ya mwingine, macho wazi. Niliwapita. Macho yao yalinifuata lakini miili haikuweza. Nikaelewa kwamba mpaka jua lipande hawana nguvu, na kwamba njia iko wazi.

Nilikimbia mpaka kijitoni. Pale nilisimama nivute pumzi, nikasikia mchakacho kwenye majani makavu. Siafu. Mstari mpana kama mkeka, weusi, wakipanda kutoka upande wa maji kwenda kwenye mchanga wa mayai. Ulikuwa umenifundisha siafu wafanyavyo wakiingia kwenye mzinga. Nilijua kwamba watafukua yale mayai yote kabla ya jua kufika kwenye mwamba, na kwamba kutoka hapo watapanda juu ya miili ile isiyoweza kusogea, waanzie machoni.

Sitajisifu. Nilivuka kijito. Nilitembea hatua kadhaa upande wa pili. Kilichonirudisha sikijui vizuri hata leo. Nadhani ni yule mdogo alivyokuwa akiteleza mgongoni. Nilirudi mbio, nikachukua chungu cha makaa, nikamwaga jivu la moto kuzunguka mchanga, nikawasha majani makavu juu yake, nikachukua kinga cha moto na kuwafagia siafu kama nilivyokuona ukifanya. Walinipanda miguuni. Waliniuma mpaka mapajani. Nililia huku nikifagia, na nyuma yangu yale macho yote wazi yalikuwa yakitazama, na hakuna aliyeweza kunisaidia wala kunizuia. Siafu walipogeuka na kurudi upande wa maji, jua lilikuwa limeshafika kwenye mwamba.

Yule mama ndiye aliyeinuka kwanza. Alikuja akiyumbayumba, akaniketisha, akaanza kuwatoa siafu miguuni mwangu mmoja mmoja kwa kucha zake ndefu. Nilimwacha.

Siku iliyofuata, saa sita kamili, ulitokea kati ya miti. Ulikuwa umekonda. Ulibeba kifurushi mikononi kama mtu abebavyo mtoto aliyelala. Ulikwenda moja kwa moja kwake, ukapiga magoti, ukamkabidhi. Alifungua, akaitazama, akaifunga tena.

"Pagazi amerudi," aliwaambia wenzake. "Mtoto aende."

Ulininyooshea mkono. Mimi sikuushika. Nilipita kando yako nikatangulia njiani.

Habari za Tabora sikuzipata kwako. Nilizipata miaka mingi baadaye, nilipokwisha kuolewa Kanyenye, kutoka kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mtaani kwetu. Alikuona siku moja umekuja kutusalimia, akakutambua, na ulipoondoka akaniita. Alisema zamani alikuwa akinunua ngozi. Alisema ulikuja dukani kwake baada ya kuzunguka kila ghala mjini siku tatu, ukaeleza unachotafuta, na kabla hujamaliza yeye alikuwa ameshaileta. Tangu aliponunua ile ngozi mkewe alikuwa amekataa kuingia ghalani. Ilikuwa na vidole, alisema. Hakutaka kitu kwako. Alikuomba tu uiondoe, na wiki hiyo hiyo akaacha biashara ile. Kuhusu mjomba, alisema hakumwona tena. Sisi tunajua alihamia Lusu, kule Nzega, akalima pamba, na watu wa huko walisema hakutoka nje mchana mpaka alipokufa.

Nami pia sikutoka. Ulijua? Saa sita ikifika nilifunga mlango. Nilikaa chumbani hadi kivuli cha nyumba kianze kurefuka. Mihayo aliponioa alidhani ni maradhi ya kichwa, akaninunulia dawa. Jirani zangu walisema Nyamizi anaringa. Na katika miaka yote hiyo sikukushika mkono, baba. Nilikupikia, nilikufulia, ulipougua nilikunywesha maji kwa kijiko. Ulipokuwa ukinyoosha mkono juu ya shuka, nilikuwa naweka kikombe ndani yake. Ulikuwa unakishika kikombe. Swali lilikuwa kooni mwangu kila siku: usingeipata ngozi ile, ungerudi? Niliogopa jibu kuliko nilivyowaogopa wao.

Sasa nirudi kwenye mwezi ule wa tisa. Mihayo aliposema vigingi vimefika kwenye mawe meupe, sikumwambia neno. Siku mbili sikula. Siku ya tatu nilimwacha mtoto kwa jirani, nikachukua chumvi yote iliyokuwa nyumbani, nikaingia porini. Nilikwenda mchana, kwa miguu yangu mwenyewe, na kila hatua mwili wangu ulinisihi nirudi. Nilipofika niliketi chini, nikainamisha kichwa, nikangoja.

Nilisikia pumzi. Yule mama alikuwa mbele yangu, magamba yamepauka, jicho moja limeingia ukungu. Nilidhani nitalazimika kujieleza. Aliinama akatazama miguu yangu, pale makovu ya siafu yalipobaki.

"Mtoto wa pagazi," alisema.

Nilimweleza kuhusu trekta na mnyororo. Nilimwambia wahame. Alisema wamekuwa wakisikia ardhi ikitetemeka kwa matumbo yao. Alisema watahama, kuelekea Malagarasi kwenye mabwawa, lakini mayai yako mchangani na hayawezi kuguswa mpaka mvua ya kwanza. Wachache tu wamebaki, na mayai ni machache. Hakuniomba. Aliniambia tu kwamba mvua ya kwanza ni baada ya miezi miwili.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hofu nyingine. Ilinibidi nimwambie mume wangu, na mume wangu ni mwanamume mwenye marafiki, na baadhi ya marafiki hao wana bunduki. Nilimwambia wakati anakula. Aliacha kula. Aliniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia siku tisa zote, na miguu, na ngozi. Alinawa akatoka bila kuniaga, na usiku alilala amenigeuzia mgongo.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Alikwenda huko mwenyewe, hakuniambia. Alirudi alasiri, akaketi kizingitini, nikampa maji.

"Nimewaona," alisema. Kisha akaongeza, "Mmoja alinipisha njia."

Jumatatu alimwambia Mzungu msimamizi wao kwamba bonde lile ni mbuga, udongo wake mweusi utameza trekta. Hakudanganya, ni mbuga kweli. Msimamizi alikwenda na fimbo ya chuma, akaichoma ardhini kando ya kijito ikazama hadi mkononi. Akaamuru vigingi ving'olewe, bonde lisubiri kiangazi kijacho. Miezi miwili nilisikiliza ule mnyororo ukizunguka upande wa mashariki, na kila trekta ilipozimwa ghafla moyo wangu ulizimika nayo. Nilidhani wamebadili mawazo. Nilidhani mtu amewaona. Mihayo naye alikuwa akishtuka usingizini. Hatukuzungumza, lakini tulikuwa tukiogopa pamoja, na hilo lilikuwa jambo jipya kwangu.

Mvua ilinyesha wiki iliyopita. Nilikwenda siku ya pili yake, jua lilipotoka. Mchanga ulikuwa umefunguka, maganda yametapakaa kama karatasi zilizoloa, na watoto kumi na mmoja walikuwa juu ya mawe meupe, wadogo kama kiganja, wakipanda migongo na kuteleza. Wakubwa walikuwa tayari kwa safari. Yule mama hawezi tena kutembea mbali, walikuwa wamemfanyia machela ya matawi kama zile za misafara ya zamani.

Nilimwuliza siku ile, wakati nikipiga kelele, ulisema nini. Sijui kwa nini nilithubutu. Alifumba macho, kope zikipanda kutoka chini, nikadhani amesinzia.

"Pagazi alisema, nisipoipata ngozi hiyo, nitarudi na yangu," alisema. "Alisema mtoto apewe chumvi iliyobaki na aonyeshwe njia."

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia katika siku zile tisa.

"Hukuuliza," alisema. "Ulikuwa unaogopa. Na mimi nilikuwa na msiba."

Walikwenda upande wa machweo, bila sauti, watoto wakiwa wamening'inia migongoni. Nilibaki pale peke yangu saa sita mchana, jua kichwani, mpaka nikaona nimechoka kusimama.

Baba, ulikuwa unaogopa kuliko mimi. Mimi nilikuwa na hofu ya kuachwa, wewe ulikuwa umeondoka ukijua utakachorudia. Na ulirudi. Kwa nini hukuniambia, sijui. Labda ulidhani baba hawezi kumwambia mwanawe kwamba alimtoa rehani na bado akaomba asamehewe. Labda ulikuwa ukingoja niulize. Nami nilikuwa nakuwekea kikombe mkononi.

Kiangazi kijacho Mihayo atalifyeka bonde lile, na wenzake watapanda karanga, na hakuna atakayejua. Sijui kama wamefika Malagarasi. Naamka alfajiri baridi inapokuwa kali, nawawazia wamekakamaa mahali fulani njiani, na siafu ni wengi katika nchi hii. Hofu hii haitaniacha, baba, nami sitaki iniache. Ni ya watu wangu.

Pumzika. Nikija Tabora nitakaa kaburini kwako mchana kutwa, nimeweka mkono juu ya udongo.

Ni mimi mwanao, nawe hukuwa na mwingine,

Nyamizi